Usiku Nilipoitwa Mdanganyifu

Jioni hiyo wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa mtaani Nyalenda, hapa Kisumu, kama moshi. Nilizima taa ya chumba, wakaufuata mwanga wa skrini, ikawa kazi yangu ni kuwapangusa kwa kiganja. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 2023, na timu yetu ya watu wanne ya gemu ya mtandaoni ilibakiza mechi moja tu ipande daraja.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba. Windows niliyowekewa saiba ilikuja na virusi vilivyokula kazi yangu yote ya chuo, ndipo rafiki akaniletea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi. Sikurudi nyuma tena. Gemu za Windows nilizicheza kupitia Proton, programu inayofanya zichezeke kwenye Linux, ambayo kampuni ya gemu ya Valve iliitoa mwaka 2018.

Nikabonyeza kuingia. Likaja dirisha jeusi lenye maandishi mekundu: akaunti yangu imefungwa kwa udanganyifu. Nilisoma mara tatu. Mdudu mmoja alikuwa ametua juu ya jina langu la kuchezea, nami sikumpangusa.

Simu ikalia. Alikuwa binamu yangu, nahodha wetu, akipiga kutoka Kondele. Hata salamu hakutoa.

"Omera, niambie ukweli. Umetumia chiti?"

Koo lilinikauka. Miaka miwili tumecheza pamoja, halafu ananiuliza hivyo.

"Njoo uikague mashine mwenyewe."

Alikuja na bodaboda, mvua ikianza kudondoka. Akaketi kitandani kwangu, akapekua faili na kila programu iliyokuwa ikiendelea, mpaka akachoka. "Hapa hakuna kitu," akasema. "Shida ni hii Linux yako."

Hapana, shida haikuwa Linux, na uchungu wangu uko hapo hapo. Kwenye Windows, programu nyingi za kuzuia udanganyifu hujipenyeza hadi kwenye kerneli, kiini cha mfumo, ili zione kila kinachofanyika. Ndani ya Proton zinabaki programu za kawaida tu, na baadhi ya kampuni haziridhiki. Wasiwasi wao naufahamu. Wadanganyifu wapo, na wameniua ndani ya gemu kwa kuniona kupitia kuta mara nyingi. Lakini tangu Septemba 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye, mbili kati ya programu hizo za kuzuia udanganyifu, zilishafungua njia kwa Proton, ikabaki mwenye gemu kuamua kuwasha au kuacha. Hata Steam Deck, mashine ya Valve ya kuchezea gemu mkononi, iliyoanza kuuzwa Februari 2022, inaendeshwa na Linux. Wenye gemu ile wangeandika wazi kwamba Linux hawaipokei, ningeudhika, nikaondoka na jina langu safi. Kumwita mtu mdanganyifu kwa sababu ya mfumo anaoutumia ni dhuluma.

Tuliandika rufaa usiku ule ule, binamu akinyoosha Kiingereza changu. Tulitaja toleo la kerneli na la Proton, tukaomba watutajie programu waliyoiona. Jibu lilifika baada ya dakika nne: uamuzi ni wa mwisho. Dakika nne! Sidhani kama kuna binadamu aliyeisoma barua yetu.

Binamu aliikodolea macho skrini kwa muda. Kisha akawapigia wale wenzetu wawili, akaweka simu kwenye spika, katikati yetu, ili nami nisikie.

"Mashine nimeikagua kwa macho yangu," akawaambia. "Huyu hajadanganya. Leo hatuchezi."