Tazama jani kwanza: kuyasoma maua ya vyombo vya Kichina

Makabati ya vyombo vya Kichina pale makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, watu huyapita mbio. Wakiona buluu na nyeupe, husema "maua" wakaenda zao. Ni maua gani? Ukitaka kujua, liache ua, tazama jani.

Mafundi wa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi huko Uchina, tangu karne ya 14, walipenda shina moja litambae kuzunguka bakuli, likipanda na kushuka, na kila mkunjo ukumbatie ua. Yungiyungi na peoni hapo huchanganya sana. Jani la peoni ni pana, lina ncha tatu. La yungiyungi ni dogo, lina ncha kali kama miiba, wala halifanani na lile duara linaloelea bwawani. Fundi hakukosea, ndiyo kanuni yao ya kuchora. Krisanthemamu ina petali nyembamba nyingi kama miale. Plamu ndiyo rahisi kuliko zote: petali 5 za mviringo kwenye tawi tupu, maana mti huo huchanua kabla ya kutoa majani.

Rangi ya kobalti, madini yanayotoa ile buluu, hupakwa kwenye udongo mkavu usiochomwa. Udongo huinywa papo hapo, na mstari ukishapita haufutiki. Wapiga piko wa Mji wa Kale wanaijua adha hiyo. Brashi ikisita, rangi hujaa mahali pamoja. Kisha hutiwa glezi, ule utando unaong'aa kama kioo, chombo kikachomwa karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Kobalti ya Uajemi ilikuwa na chuma nyingi, na ilipopakwa nzito chuma kilipanda kwenye glezi kikaacha madoa meusi. Karne ya 18 mafundi waliyaiga madoa hayo kwa kudonoa na ncha ya brashi. Kwa hiyo doa la asili huzama na kukaa ovyo ovyo, na madoa yaliyopangika sawasawa ni ya kutiliwa shaka.

Vyombo vya kijani vya Longquan, mji mwingine wa Uchina, havina rangi ya kuchora. Petali za yungiyungi huchongwa kwa kisu nje ya bakuli, udongo ukiwa nusu mkavu. Glezi ikituama kwenye mifereji hukoza, kwenye miinuko hupauka. Ikizidi unene, mchongo humezwa. Hewa ikiingia kwa wingi tanurini, kijani hugeuka manjano ya udongo.

Sahani za enzi ya Wanli, mfalme wa Uchina (1573–1620), ni rika la ngome yenyewe, iliyojengwa 1593–1596. Ukingo wake umegawanywa vyumba vyumba, tawi la maua huku, alama ya heri kule. Zilichorwa haraka kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, kwa hiyo usidai petali kamili. Na glezi iliyobanduka ukingoni usiisingizie bahari: udongo na glezi havikusinyaa sawa vilipopoa.