Gari Linalochemsha Milimani: Anza na Mfuniko wa Rejeta

Gari likichemsha huku kwetu Mbeya, fundi wa kwanza utakayemkuta atakuambia gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, na wa pili atataka kung'oa themostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) aitupe. Huenda mmoja wao yuko sahihi, lakini mimi hutaka kwanza kujua gari lilichemka wapi na likiwa katika hali gani. Injini inayopanda joto kwenye foleni ya Mwanjelwa, kisha ikatulia mara gari linaposhika kasi kuelekea Uyole, inakosa upepo, hivyo kagua feni, fyuzi na waya zake. Ile inayotulia mjini lakini ikachemka unapopanda Kitonga ukiwa na mzigo, mara nyingi ina rejeta (kipoza maji ya injini) iliyoziba kwa kutu ndani au kwa matope na mbegu za majani nje.

Mfuniko wa rejeta ndio unaodharauliwa kuliko vyote, na huku milimani ndio wenye kazi kubwa zaidi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ilhali injini nyingi hufanya kazi kwenye nyuzi 90 au zaidi kidogo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko, ambalo hukipandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 110. Noah yangu ilikuwa ikitema maji kwenye tanki la akiba kila nilipopanda kutoka Tukuyu, na gereji moja ilikwisha kunipigia hesabu ya kufungua hedi. Nilipoufungua mfuniko injini ikiwa imepoa kabisa (ikiwa ya moto usithubutu), niliona mpira wake wa chini umekakamaa, una ufa upande mmoja, na springi inabonyea kwa kidole bila ubishi. Nilinunua mwingine wenye namba ileile ya shinikizo, 0.9, na utemaji ukakoma. Namba hiyo isibadilishwe kiholela, kwani mfuniko mgumu zaidi huipasua mipira ya kupitishia maji iliyozeeka.

Themostati nayo huonewa. Dalili ya kukwama kwake ni mpira wa rejeta unaotoka juu ya injini kubaki wa baridi, au vuguvugu tu, wakati geji inazidi kupanda. Wengi huipima kwa kuichemsha kwenye sufuria, jambo zuri, ila themostati iliyoandikwa 88 huhitaji nyuzi kama kumi zaidi ili ifunguke yote, na sufuria ya Mbeya haifiki huko. Ikifunguka nusu, usiitupe. Kuiondoa kabisa ni kosa jingine, kwa kuwa kwenye baridi ya Njombe au Makete injini haitapata joto lake, na petroli ya ziada utainunua wewe.

Geji yenyewe isiaminiwe kupita kiasi. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua, kwa hiyo hita inayoanza ghafla kupuliza hewa ya baridi iwe sababu ya kuegesha na kuzima.

Gasketi ya hedi ninaifikiria mwisho, tena kwa ushahidi: maji yanayopungua bila kuvuja popote, mipira inayokuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha injini ya baridi, au mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta. Moshi mweupe wa asubuhi ya Julai hauhesabiki, kwa sababu ni mvuke unaopotea injini ikipata moto. Hata utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu wa gari linalokwenda safari fupi katika baridi. Chomoa stiki ya kupimia oili, na ikiwa oili yenyewe imegeuka rangi hiyo, usiwashe tena, liite gari la kuvuta.