Jumamosi yangu kwenye banda la gemu, Mtoni

Saa 1:30 asubuhi
Kabla ya kugusa pedi yoyote ya kuchezea gemu naangalia luku, mita ya umeme. Zimebaki yuniti chache, kwa hiyo nanunua kwa simu na kuingiza zile tarakimu 20 huku mkono mwingine umeshika ufagio. Banda langu ni fremu moja tu hapa Mtoni, Temeke: televisheni tatu, mashine tatu za gemu aina ya PS4, mabenchi na feni inayolalamika. Pedi nazifuta moja moja na kujaribu kama kuna inayovuta upande. Ikivuta, kijana aliyefungwa mabao matano atapata sababu ya kutolipa.

Saa 3 asubuhi
Bodaboda waliokosa abiria na vijana wa chuo. Gemu la mpira, mpira, mpira. Mechi Sh 500, anayefungwa anapisha. Asubuhi nzima huwa hivyo na sina cha kuongeza, ila nimeshapiga marufuku matusi. Ukitukana unatoa pedi, hata kama unaongoza.

Saa 6 mchana
Watoto wametoka madrasa na wamejaa mlangoni, kanzu na hijabu bado mwilini. Hawa ndio walionifanya nigeuze televisheni ya pembeni iangalie ukuta wa nyuma, mbali na wakubwa. Pale kuna gemu moja tu, The Gardens Between. Limetengenezwa na The Voxel Agents, kampuni ndogo ya Melbourne, Australia, likatoka mwaka 2018.

Kwa ambao hamjaliona: watoto wawili majirani, Arina na Frendt, wanakutana usiku wa mvua kwenye kijumba chao cha juu ya mti kwa sababu familia ya mmoja inahama. Mara wanajikuta kwenye visiwa vilivyojaa vitu vya utoto wao, vimekua vikubwa kuliko wao. Kochi limekuwa mlima. Mifupa ya dinosaria, mabomba ya maji, televisheni ya zamani, vyote unapanda juu yake hadi kileleni ukiwasha taa. Hakuna adui, hakuna kufa, hakuna saa inayokuhesabia. Na hakuna neno linalosemwa, jambo ambalo kwa banda kama langu ni mali, maana mtoto wa darasa la kwanza na bibi yake wanaanza wakiwa sawa.

Ila utamu wake ni huu: huwaendeshi wale watoto. Unaendesha wakati. Ukisukuma kulia, mambo yanakwenda mbele na wenyewe wanatembea. Ukisukuma kushoto, kila kitu kinarudi, tone la maji linapanda lilikotoka. Lakini taa ya Arina hairudi. Ukiishaiwasha, unaweza kurudisha wakati nayo ikabaki inawaka. Mafumbo mengi yamejificha hapo.

Saa 8 mchana
Wali maharage kwa mama ntilie wa jirani, nakula nimesimama. Umeme umekatika kidogo ukarudi. Tuendelee.

Saa 10 alasiri
Hapa ndipo penye kazi. Pedi moja imeshikwa na binti wa darasa la nne, pembeni yake wamejibana watoto wengine wanne, na wote ni makocha. "Rudisha! Rudisha nyuma!" "Subiri, yule wa miwani hajagonga kengele!" Wa miwani ni Frendt. Kuna ukungu wa zambarau ambao taa ikiwaka unayeyuka na njia inafunguka. Kuna ukungu mwingine ambao ndio daraja lenyewe, na taa ikiwaka daraja linatoweka chini ya miguu. Walikwama hapo muda mrefu, wakalaumiana, mmoja akanuna akatoka nje.

Aliyelitatua fumbo ni mkimya kuliko wote, katoto ka shati la kijani ambako hata pedi hakajawahi kuomba. Kamesema tu, "Mpe taa yule boksi." Ni kweli, kuna viboksi vinavyorukaruka, unavibebesha taa vinapita njia yao, nyie mnapita yenu. Kelele iliyopigwa hapo, wacheza mpira wamegeuka kuuliza nani kafunga.

Bei imenisumbua. Mpira una mwisho wake, dakika zikiisha hela inatoka. Fumbo halina kipenga. Nikaamua kulipisha kwa kundi: nusu saa Sh 1,000, wawe wawili au sita, wachangishane wenyewe. Wakiwa watano ni mia mbili mbili kila mmoja, na hakuna anayerudishwa nyumbani kwa kukosa hela ya mechi. Kusema kweli ningependa gemu nyingi zaidi ziwe za pedi moja na vichwa vitano, kuliko pedi mbili na ugomvi.

Nimewauliza: kisiwa chenu kingekuwa na nini? Majibu: tairi na kijiti chake. Gari la kopo. Mpira wa makaratasi. Ndoo ya ice cream iliyojaa vifuniko vya soda. Binti wa darasa la nne akasema geti la nyumba waliyokuwa wamepanga zamani, Mbagala. Hakuna aliyeshangaa. Huku kwa wapangaji, rafiki kuhama ni habari ya kila mwisho wa mkataba, kwa hiyo kisa cha Arina na Frendt hakikuhitaji kuelezwa na mtu.

Saa 11:30 jioni
Ligi ya Uingereza imeanza, wakubwa wote wamehamia kibanda umiza, kile cha kuonyesha mechi, ng'ambo ya barabara. Zamani saa hizi nilikuwa nasinzia. Sasa wanaingia wazazi waliokuja kuwafuata watoto, na kuna bibi wa nyumba ya pili ambaye hukaa kabisa.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba. Wamefika wapi leo?"

Hashiki pedi. Ananyoosha kidole tu na kusema, "Huyo mkirudi hapo alipoanguka mtaona kitu." Mara nyingi huwa amepatia.

Saa 3 usiku
Mahesabu. Mpira umeingiza zaidi, kama kawaida, sitawadanganya. Tatizo la gemu hili ni ufupi: akili zikichangamka, saa tatu hivi zinatosha kulimaliza, na hawa wamebakiza visiwa vichache. Nimeshaanza kutafuta lingine. Ninalolitaka ni Unpacking, nalo la Australia, la mwaka 2021. Unafungua maboksi ya mtu aliyehama na kupanga vitu vyake mahali pake, kuanzia chumba chake cha utotoni mwaka 1997. Nimemweleza bibi wakati anachukua wajukuu.

"Kupanga vyombo?" ameniuliza. "Hilo pedi nitashika mwenyewe. Na hao watoto waambie wasinielekeze."