Bei ya kunong'onezwa

Jumapili, usiku

Miguu yaniuma, lakini silali kabla sijaandika. Siku yetu ya kuthamini vitu vya kale imekwisha. Klabu yataka kuezeka upya ukumbi wake hapa Mji wa Kale, Mombasa, na fundi ametaka shilingi 48,000. Wazo lilikuwa langu: watu walete vya kale vyao, kila kitu shilingi 200, na mzee wetu aliyestaafu kazi za makumbusho awaeleze ni nini na kina thamani gani.

Saa tatu asubuhi foleni ilishafika kwenye baraza ya jirani. Vikaja visinia vya shaba, makasha, madele ya kahawa, leso zilizokunjwa ndani ya gazeti, hata kiti cha enzi juu ya mkokoteni wa hamali. Bakuli nyingi zinazoitwa za Kichina majumbani, ukizigeuza chini, zina muhuri wa Maastricht, Uholanzi. Viwanda vya kule vilituletea pwani hii vyombo kwa shehena katika karne ya 19. Wenyewe hawakuvunjika moyo. Mmoja aliomba aandikiwe jina la mji huo akawaonyeshe wanawe.

Mpaka saa tano nilikuwa nikitangaza bei kwa kipaza sauti, nikidhani hiyo ndiyo raha ya shughuli yenyewe. Kisha nikawaona wanaume wawili, si wa mtaani, wamesimama nje ya lango. Kila aliyetoka na kitu cha bei nzuri walimfuata. Kijana mmoja alikuwa karibu kuwapa dele la marehemu babu yake kwa theluthi ya bei aliyotajiwa, na nyumbani hawana habari. Nikamuomba ampigie mamake simu kwanza. Alipiga, na dele likarudi kikapuni. Lakini ni wangapi waliouza kabla mimi sijatoka nje? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Watu walituamini kwa vitu vya wazee wao, nami nikavinadi mbele ya madalali bila kujua.

Nilizima kipaza sauti palepale. Tukakata vikaratasi: mzee anaandika bei, anakunja, anampa mwenye kitu mkononi. Mlangoni tukabandika tangazo kwamba, kwa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Saa moja baadaye wale wawili hawakuwapo tena.

Jioni tumehesabu vitu 118, yaani shilingi 23,600, na kahawa na mahamri yametupa 9,450. Bado 14,950. Tutazipata.

Bibi mmoja alikuja mwisho kabisa, tumeshaanza kukunja meza. Akafungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya zamani, imechomelewa kipete juu cha kupitishia uzi. Mzee akaiweka kwenye mizani ya sonara: gramu 28. Mwaka ulioandikwa ni 1780. Akamweleza taratibu kwamba malkia yule wa Austria alifariki mwaka huohuo, na tangu hapo riale zimeendelea kupigwa kwa tarehe ileile, Vienna, hata London na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara waliizoea sura yake wakawa hawataki nyingine. Kwa hiyo yake huenda si kongwe kama inavyosema. Na kile kipete kimeipunguzia bei kwa wanaokusanya sarafu.

"Hicho kipete ndicho chenyewe, mwanangu," bibi akamwambia. "Nyanyangu aliolewa kwa riale hizi. Nyingine ziliyeyushwa zikafanywa furungu za miguuni. Hii alinivalisha mimi shingoni, sijatimiza arubaini."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaandika bei yake, akakunja karatasi, akampa kwa mikono miwili. Bibi hakuifungua. Aliiweka pamoja na riale kwenye pindo, akakaza fundo mara mbili, akaniuliza kama mahamri yamebaki.