Mtoto wa Stelingi Anapoletwa Katikati ya Tamthilia

Tamthilia ya mapigano inapofika msimu wa nne au wa tano, watengenezaji wake huanza kuhangaika. Stelingi ameshawamaliza maadui wote wa maana, ameshapigwa risasi akapona, ameshasalitiwa na rafiki wa karibu, na mtazamaji anajua vyema kwamba hafi, kwa kuwa akifa yeye na tamthilia imekwisha. Hapo ndipo anapoletwa mtoto. Wapenzi wengi wa tamthilia hizi hapa Arua, Uganda, huchukizwa na jambo hilo, wakisema kwamba mtoto humfunga stelingi mikono na kuyageuza mapigano kuwa malezi. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ila kwa sharti moja: mtoto huyo awe na uwezo wa kumkataa mzazi wake, na kukataa kwake kuwe na sababu ambayo sisi watazamaji tunaweza kuikubali.

Chukua Prison Break, tamthilia ya watu wanaotoroka gerezani, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005 na kupendwa sana huku kwetu. Ilipofikia mwisho wake wa kwanza mwaka 2009, tuliachwa na kaburi la stelingi wake, Michael Scofield, na mtoto wake mdogo aliyekuja kulizuru pamoja na mama yake, Sara. Iliporejea mwaka 2017, Michael alikuwa hai katika gereza moja la Sana'a, nchini Yemen, huku mwanawe, aliyepewa jina lake, akilelewa na Jacob, mume mpya wa Sara. Kisha tukajua kwamba Jacob huyo ndiye adui aliyemtenga Michael na familia yake. Hapo waandishi walikuwa na mali mkononi. Kwa mtoto yule, baba ni mtu anayelala nyumbani, na Michael ni mtu wa kusimuliwa tu. Kutoroka gerezani Michael alikwisha kukuzoea, tangu alipojichora mwilini ramani ya gereza la kwanza, lakini moyo wa mtoto aliyekwisha kupata baba mwingine hauna ramani ya kuchora mwilini. Inanisikitisha mpaka leo kwamba msimu ule ulipewa sehemu 9 tu, na jambo zito kuliko yote likapitiwa mbio mbio ili risasi zipate nafasi.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona jinsi watu wetu wanavyotazama. Katika vibanda vya video, ambamo VJ hutafsiri filamu kwa Kiganda na kuongeza maneno yake mwenyewe pale wahusika wanaponyamaza, mapigano hupokewa kwa kelele, lakini akitokea mtoto asiyejulikana, benchi zima hugeuka baraza la ukoo. Mama yake ni nani? Nani alimlisha? Nani alimlipia karo? Kwa nini aje leo? Maswali hayo watu wameyatoa nyumbani kwao. Katika familia nyingi za Uganda, mtoto ambaye hakuwahi kutajwa hujitokeza msibani, na wazee hulazimika kuketi na kuyauliza hayo hayo kabla ya maziko. Mtazamaji wa namna hiyo hadanganyiki. Stelingi akimkumbatia kijana papo hapo walipokutana, muziki ukapanda na machozi yakatoka, yeye ataona ameibiwa.

Walioifanya kazi hii vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni watengenezaji wa Xena, tamthilia ya shujaa wa kike wa upanga, na walianza kwa kulazimika. Lucy Lawless, aliyemwigiza Xena, alipata ujauzito mwaka 1999, nao wakaamua kuuingiza ujauzito huo katika hadithi ya msimu wa tano. Mtoto akazaliwa, akaitwa Eve. Lakini shujaa wa upanga hawezi kuzunguka na kitoto mgongoni msimu mzima, kwa hiyo Xena na mwenzake Gabrielle walilazwa katika barafu kwa miaka 25. Walipoamka, Eve alikuwa mtu mzima anayeitwa Livia, kamanda wa Roma, mkatili, anayeua bila kusita. Xena mwenyewe, kabla ya kutubu, alikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kila pigo ambalo binti anampiga mama yake ni deni la zamani linalodaiwa, na mama hawezi kulilipa kwa upanga, kwa kuwa anayedai ni mwanawe. Huko ndiko ninakokuita kumkataa mzazi.

Hata mtoto aliyekuwapo tangu sehemu ya kwanza anaweza kuharibiwa au kuokolewa kwa kipimo hicho. Kim, binti wa stelingi Jack Bauer katika tamthilia iitwayo 24, alitumiwa mwanzoni kama chambo: alitekwa, akaokolewa, akatekwa tena, na katika msimu wa pili akanaswa na mtego porini huku puma akimnyemelea. Nilichoka naye. Lakini katika msimu wa tano, alipogundua kwamba baba yake alimwacha aomboleze kifo chake ambacho hakikutokea, alimgeuzia kisogo akaondoka. Kwa mara ya kwanza nilimwona Kim kuwa mtu kamili, na Jack kuwa mtu anayeweza kupoteza kitu.

Tamthilia ya NCIS ilimleta Tali, mtoto wa mpelelezi Tony, mwaka 2016 hasa ili Tony apate sababu ya kuacha kazi, na mtoto wa kufungulia mwigizaji mlango hanigusi. MacGyver, stelingi wa tamthilia yenye jina lake, pia aliacha kazi kwa ajili ya mwanawe Sam mwaka 1992, lakini tamthilia iliishia hapo, na uhusiano ambao ningetaka kuutazama kwa misimu miwili ukabaki hadithi ya kujisimulia wenyewe.

Waandishi wetu wa Uganda wana hadithi hii mlangoni. Jeshi letu lilianza kupelekwa Somalia mwaka 2007. Mtoto aliyezaliwa wakati baba yake yuko Mogadishu leo ni kijana mkubwa, pengine amelelewa na nyanya yake kwa Kilugbara, lugha ya huku kwetu Arua, wakati baba amezoea Kiswahili cha kambini. Mfanyeni baba huyo stelingi, apigane na wasafirishaji wa magendo mpakani, ashinde kila wiki. Kijana aletwe msimu wa tatu, aulize yale maswali ya msibani moja moja, na asikubali kuhamia kwa baba yake kabla msimu wa nne haujaisha.