Kilio kisicho na sauti

Leo jioni nimetazama pamoja na binti yangu *The Kid*, filamu isiyo na sauti ambayo Charlie Chaplin aliitoa mwaka 1921, na hadi saa hizi usingizi umenikataa.

Jackie Coogan, mtoto anayeigiza ndani yake, alikuwa na umri wa miaka mitano hivi filamu hiyo ilipokuwa ikipigwa.

Kuna pale anapopakiwa kwenye lori ili apelekwe nyumba ya mayatima: ananyoosha mikono yote miwili, kinywa wazi, machozi yakimtiririka, nasi hatusikii hata neno moja.

Binti yangu alinishika mkono akauliza, "Mama, analia kweli?" Nilikosa jibu.

Mtoto huyo alichuma mamilioni ya dola, lakini alipokuwa mtu mzima alikuta mama yake na baba yake wa kambo wamekwisha kuzitumia karibu zote. Mwaka 1938 aliwashtaki, akaambulia takriban dola 126,000, na mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji.

Mama mzazi, jamani! Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ndugu zangu mliowahi kuitazama, ni wapi palipowagusa?