Ditekta yangu ya nyumbani, sehemu ya nne: kitu chenye namba 22

Nianze na bomba, maana ndilo lililonipeleka Kahe, karibu na Moshi: bado sijalipata. Marehemu babu alilifukia kutoka kisimani hadi kwenye migomba, hakuacha ramani, na mjomba anataka kulifufua kabla ya kiangazi. Ndiyo sababu nilianza kuunda hii ditekta ya kutafutia metali ardhini badala ya kumalizia redio iliyolala mezani tangu Januari.

Hali ya mashine kwa sasa. Koili ya tatu ndiyo iliyokubali. Ni mizunguko 24 ya waya wa shaba niliouchomoa kwenye transfoma bovu, nimeizungusha kwenye kifuniko cha ndoo. Saketi inapeleka mpigo mfupi wa umeme kwenye koili, inakata ghafla, halafu inasikiliza. Metali iliyo ardhini hubaki na mkondo wake mdogo kwa kitambo kifupi sana baada ya mpigo kukatika, na huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Saketi yangu ya kwanza ilikuwa ya aina nyingine na ilinitia aibu, maana udongo wa huku umetokana na volkano ya Kilimanjaro, una chuma tele, basi ikawa inalia kila mahali. Hii inatulia. Jembe inaliona likiwa chini sentimita 40, kizibo cha soda 12. Betri ndiyo haijanipa raha: saa moja na nusu imekwisha.

Jumamosi tuliingia shambani saa moja asubuhi. Saa mbili nzima tukaokota misumari, kipande cha jembe la ng'ombe, na kijiko ambacho shangazi alikitambua na kukichukua bila kusema neno. Karibu na mkwaju ikaja sauti nene, fupi, isiyokatika hata nikiinua koili hadi magotini. Tulichimba kama sentimita 30. Kikatoka kitu cha mviringo, kipana chini na chembamba juu, kama kibuyu kidogo kilichokatwa, cha rangi ya kijani na kizito kuliko kilivyoonekana. Nilipokikwaruza kwa ukucha, chini ya kijani kukawa na njano. Sumaku haikushika. Shaba ya njano, basi.

Kiunoni kilikuwa na pete mbili zilizopandana, na pete ya chini imechorwa namba.

Hapo ndipo habari ilipoharibika. Aliyelelewa huku hahitaji kuambiwa hadithi ya mali ya Mjerumani: kwamba walipokimbia walifukia masanduku ya dhahabu, na alama wakaziacha kwenye mawe na miti. Haikutokea hewani, kwa kweli. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo, na mtu akishasikia hilo hahitaji kusukumwa tena. Kufikia adhuhuri majirani sita walikuwa chini ya mkwaju. Mmoja akasema ni saa. Mwingine, dira ya meli. Mjomba alikishika kwa mikono miwili, akakizungusha polepole, akatoa hukumu:

"Hii ni kufuli, mjomba. Kufuli ya namba. Sanduku lenyewe liko chini yake."

Walichimba hadi magharibi. Walipata mawe.

Mimi nikakitia kwenye begi, nikapanda bodaboda, kisha Hiace hadi Moshi, begi mapajani. Jumapili nikakiosha kwa maji ya ndimu na mswaki. Namba zikajitokeza vizuri: zinaanza 0, zinaishia 22, katikati yake vistari vidogo vidogo. Kitakoni kuna 80, na pembeni yake 15 iliyoliwa nusu. Kilichonisumbua ni 22. Saa ingekuwa na 12 au 24, dira 360. Tena namba hazikuzunguka pete yote. Kati ya 22 na 0 palikuwa na nafasi tupu. Kufuli ya namba inazunguka bila kukoma, sasa huo upenyo wa nini?

Nikaamua kukifungua ili nijue. Hapa naandika kwa aibu. Nilikibana kwenye jiriwa, nikachukua spana ya bomba, nikaning'inia. Hakikusogea. Nikakigonga kwa nyundo kulegeza kutu. Mara tatu. Kisha nikachoka, nikakipiga picha na kumpelekea mzee mmoja jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyetumikia mizinga, nikamwomba anisaidie kukitambua. Simu ikaita kabla sijaiweka chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Kwenye jiriwa."

Akanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Toka humo ndani, mwanangu. Funga mlango. Usikiguse tena."

Ni fyuzi ya kombora. Neno hilo lilinipotosha mwanzoni, kwa fundi wa redio fyuzi ni ile inayokatika ili vitu vingine visiungue. Hii kazi yake ni kinyume: kulipua. Nililinganisha picha zangu na zilizo kwenye makusanyo ya Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, na hakukuwa na mjadala: ni Namba 80 ya Waingereza, iliyotumika kwenye mizinga ya pauni 13 na pauni 18 (mizinga iliitwa kwa uzito wa kombora), na ile 15 naichukulia kuwa mwaka 1915.

Na ile 22 ikajieleza. Ndani ya kila pete kuna mfereji uliojazwa baruti. Mpiga mzinga anazungusha pete ya chini hadi namba anayoitaka, na kwa kufanya hivyo anarefusha au kufupisha njia ya moto. Mzinga ukifyatuliwa, mshtuko unawasha baruti, moto unatembea kwenye mfereji, muda wa juu kabisa ukiwa kama sekunde 22. Ukifika mwisho, mwako unashuka hadi kitako cha kombora, nalo linamwaga risasi zaidi ya 200 mbele yake likiwa bado angani, juu ya vichwa vya watu. Ule upenyo kati ya 22 na 0 ni ukuta. Bila huo, mfereji ungekutana na mkia wake, moto ungeruka kutoka mwanzo hadi mwisho papo hapo. Nimelipenda hilo wazo kuliko ninavyopaswa.

Kwa nini Kahe? Machi 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, yaliishika Moshi, kisha yakapigana Kahe na ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hadi tarehe 21. Wajerumani walikuwa na mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye meli yao ya vita Königsberg, ile iliyozamishwa Rufiji mwaka uliotangulia. Mjomba hakukosea kabisa kuhusu Mjerumani, lakini. Fyuzi hii muundo wake ni wa Krupp, kampuni ya Kijerumani, na kampuni ya Vickers ilipata leseni ya kuitengeneza Uingereza kabla ya vita.

Alama ya kitakoni ilikuwa imesimama kati ya 8 na 9. Mtu aliizungusha hadi hapo kwa mkono.

Polisi niliwapigia jioni hiyo hiyo. Kesho yake wakaja wawili na ndoo ya mchanga. Huenda ililipuka yote 1916 na kilichobaki ni ganda, ila kwa nje hakuna anayeweza kuapa, na ndani kuna fataki ya kuwashia isiyohusiana na zile pete. Niliulizwa kama nimeigonga. Nilisema ukweli. Yule mkubwa akaandika, akanitazama, akaandika tena.

Mashine imebadilika hivi: ikitoa sauti nene kuzidi kiwango nilichokiweka, taa nyekundu inawaka, nami nasimamisha jembe. Kona ya mkwaju tumeizungushia kamba. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapita mara mbili kuuliza. Jumamosi ijayo narudi kutafuta bomba upande wa kisima, betri ikiwa mpya.

Mjomba alipiga simu jana usiku. Baada ya salamu na habari za watoto akashusha sauti.

"Sasa hao polisi," akauliza, "wameshaifungua?"